Waridi la bustani ndogo: chagua lisilodai pampu kila wiki

Swali ambalo vijana wa huku Arusha wananiuliza sana kuhusu maua linakuja hivi: "Afisa, nina kieneo nyuma ya nyumba, nataka nipande rozi niwauzie wapambaji wa harusi. Nipige dawa gani?" Ukianza na dawa umeanzia mwisho. Kwenye eneo dogo faida ya waridi inaliwa na pampu ya mgongoni kabla haijafika mfukoni. Kinachoamua kama utaishi na pampu au utaisahau ni aina ya waridi utakayoipanda, na mahali utakapoipanda.

Nazungumzia mawaridi yanayoitwa haibridi tii, yale yenye ua moja kubwa juu ya shina refu. Jina hilo la chai limetoka kwa wazazi wao wa upande mmoja, mawaridi ya kutoka China ambayo watu waliifananisha harufu yake na majani ya chai. La kwanza kuhesabiwa katika kundi hili ni 'La France', lililotolewa Ufaransa mwaka 1867. Tangu hapo wazalishaji wengi walikimbizana na ukubwa wa ua, rangi na urefu wa shina, afya ya majani wakawaachia watu wa dawa. Ndiyo maana haibridi tii zina sifa ya kudeka. Sifa hiyo ni ya kweli kwa nyingi, lakini si kwa zote.

Sasa tatizo la huku kwetu. Mashamba makubwa ya maua tunayo jirani, kwa hiyo pingili za mawaridi yaliyopogolewa zinapatikana karibu bure. Kijana anabeba gunia zima, anapanda nje, zinashika vizuri tu. Ikifika Juni, baridi na ukungu wa Meru vikishuka, majani yamevaa unga mweupe kama yamepita mashineni. Huo ni ubwiri unga. Aina zile zilichaguliwa kuishi ndani ya banda la plastiki, mvua haizigusi, na kuna watu wanaozikagua na kuzipiga dawa kwa ratiba. Kuzileta nje bila huduma hiyo ni kama kumchukua kuku wa kisasa wa mayai ukamfungulia akajitafutie vichakani.

Tena nyingi zina mwenyewe. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012, na mwaka 2015 tulijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa unaosimamia haki hizo. Ukizalisha miche ya aina iliyolindwa na kuiuza bila ruhusa, unavunja haki ya mtu, hata kama pingili uliiokota jalalani.

Basi upate wapi? Jina kubwa lisikudanganye. 'Peace', waridi la Mfaransa Francis Meilland lililopewa jina hilo mwaka 1945 vita ilipokuwa inaisha Ulaya, pengine ndilo haibridi tii maarufu kuliko yote, lakini leo sehemu nyingi linashambuliwa na madoa meusi. Ujerumani wana majaribio yanayoitwa ADR, ambayo tangu 1997 mawaridi yanapimwa bila kupigwa dawa yoyote. Ukiikuta alama hiyo kwenye lebo ya mche ni dalili nzuri. Ila kuvu wa madoa meusi ana koo nyingi, na waridi linalomshinda huko linaweza kushindwa na wa hapa.

Kwa hiyo mimi naamini macho zaidi ya lebo. Tafuta mti mama unaoishi nje, kwenye uwanja wa kanisa, nyumba ya wageni ya zamani au kwa bibi fulani mwenye bustani, na uulize kama huwa unapigwa dawa. Uende kuutazama mara mbili: mwishoni mwa masika, ambapo madoa meusi yanakuwa yamefanya kazi yake, halafu Julai, wakati wa ubwiri unga. Mti ambao nyakati zote hizo bado una majani mpaka karibu na chini, bila dawa, huo ndio wa kuombea pingili. Majani yakiwa mazito na yanang'aa, vizuri zaidi. Aina kongwe za namna hii mara nyingi muda wake wa ulinzi umeshapita, lakini jina likijulikana, hakikisha.

Chukua pingili kwenye shina lililotoka kuchanua, unene wa penseli, urefu kama sentimita 15, zenye macho matatu au manne. Zipande kivulini kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, uzifunike na plastiki kuzuia zisikauke. Mizizi inakuja ndani ya wiki 4 hadi 6. Mche wa pingili unakua polepole kuliko uliobebeshwa, sikatai. Faida yake ni kwamba kila kinachochipua chini ni waridi lako lilelile. Mche uliobebeshwa huchipua pia kutoka kwenye shina la chini, na usipong'oa machipukizi hayo mapema, baada ya mwaka mmoja una kichaka cha miiba na maua madogo yasiyouzika.

Mahali pa kupanda ndipo watu wanaporahisisha sana. Madoa meusi yanahitaji jani libaki na maji kama saa 7 mfululizo ili kuvu aingie. Soma tena hapo, kwa sababu karibu kazi yote ya kinga imelala kwenye hizo saa 7. Jani likikauka mapema, kuvu amekosa mlango. Ndiyo maana nasisitiza jua la asubuhi, lile linalokausha umande, na jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Ndiyo maana pia naacha sentimita 75 kati ya mche na mche, mita moja kati ya mstari na mstari, na sipandi chini ya migomba wala kubana kwenye ukuta. Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye udongo. Ile tabia ya kurusha maji juu ya majani saa kumi na mbili jioni ukitoka kazini ni kumwandalia kuvu kitanda.

Ubwiri unga ni tofauti kidogo, hauhitaji jani lililolowa. Wenyewe unapenda usiku wa baridi wenye unyevu hewani, mchana wa joto kavu, na majani laini yaliyolishwa naitrojeni kupita kiasi. Kwa hiyo usilishe yurea ukitafuta ukijani wa haraka. Shimo la sentimita 50 kwa 50 lenye ndoo ya samadi iliyooza vizuri, kisha mboji kila baada ya mkupuo wa maua, linatosha kwa udongo wetu mwingi wa volkano. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hivi, usizigusishe na shina. Matandazo hayo yanatunza maji na kuzuia matone ya mvua yasirushe vimelea kutoka ardhini kwenda majani ya chini.

Wadudu nisiwachoshe nao. Vidukari wakionekana kwenye vitumba, wapige na maji kwa nguvu asubuhi, jani litakauka kabla ya mchana. Utitiri unakuja wakati wa kiangazi na vumbi, unatibika hivyohivyo ukielekeza maji chini ya jani. Jani lenye madoa meusi liokote ulifukie mbali, usilitie kwenye mboji.

Sasa tupige hesabu. Kieneo cha mita 8 kwa 6 kinachukua miche kama 60 kwa nafasi niliyoitaja. Kwa tahadhari, hesabu mashina 3 yanayouzika kwa kila mche uliokomaa katika kila mzunguko wa wiki 8. Hayo ni mashina 180. Ukilazimika kupiga dawa kila wiki, mashina hayo 180 yanabeba mizunguko 8 ya dawa, maji, vifaa vya kinga na nusu siku yako kila mara. Andika gharama hizo kwa bei za duka la kwenu, ugawanye kwa 180, ndipo uende kumuuliza mpambaji atanunua shina kwa shilingi ngapi. Wapo watakaokuta hesabu imefika sifuri hapohapo. Mwenye waridi gumu anaondoa safu hiyo yote kwenye daftari. Shina lake pengine litakuwa fupi kuliko la kusafirishwa nje, lakini meza ya harusi haihitaji shina la sentimita 70.

Miezi minne ya kwanza usiuze kitu. Vunja kila kitumba kinachojitokeza, mche ujenge matawi. Baada ya hapo kata asubuhi na mapema, petali moja au mbili za nje zikianza kuachia, utumbukize kwenye ndoo safi ya maji kivulini. Katika kukata, bakiza chini majani mawili yenye vijani vitano vitano, na ukate juu ya jicho linalotazama nje ili katikati ya mti pabaki wazi kwa hewa.

Huku kwetu waridi halilali kama Ulaya, kwa hiyo mkasi wako ndio kalenda. Anayeitaka Februari 14 apogoe kati ya Desemba 16 na 24, kwa mafungu matatu yanayopishana siku nne, maana baridi au joto la mwaka huo vinaweza kusogeza uchanuaji mbele au nyuma. Andika tarehe ya kupogoa na tarehe ya ua la kwanza. Mwaka wa pili utakuwa na siku kamili za shamba lako, na hizo ndizo za kumpa mteja anayeweka oda.