Pufu la ngozi: sufi, nguo kuukuu na unyevu wa Uluguru

Mapufu mengi ya ngozi, yale ya kukalia yasiyo na miguu wala mgongo, huuzwa matupu. Unapewa ganda limekunjwa kama shati, lina zipu chini, kulijaza ni kazi yako. Hapa Morogoro ukiuliza ujaze nini, jibu la wazee ni fupi: sufi, ileile ya mito ya bibi. Si jibu baya, ila ni nusu ya jibu.

Sufi hutoka kwenye matunda ya msufi, ambayo hupasuka wakati wa kiangazi. Kila unyuzi wake ni mrija mwembamba mno, na karibu asilimia 80 ya ujazo wake ni hewa tupu. Nje una nta ya asili, kwa hiyo maji hayaingii kirahisi. Jaribu mwenyewe: dondosha pamba ya duka la dawa na sufi kwenye bakuli la maji. Pamba inalowa na kuzama, sufi inabaki juu. Ndiyo maana zamani, kabla ya sponji za plastiki, maboya ya kuvaa ya mabaharia yalijazwa sufi.

Sasa shida iko hapa. Mrija mwembamba ukikandamizwa sana unabonyea, na ukibonyezwa kila siku haurudi ulivyokuwa. Tena unyuzi wa sufi unateleza, haushikani na mwenzake. Mto unabeba kichwa: tuseme kilo 5 juu ya eneo la sentimita 20 kwa 20, yaani kama gramu 12 kwa kila sentimita ya mraba. Pufu linabeba mtu mzima. Kilo 70 kwenye sentimita 40 kwa 40 ni karibu gramu 44. Zaidi ya mara tatu! Pufu la sufi tupu, baada ya miezi michache, linakuwa chapati.

Na kumbe kinachokubeba si kijazio peke yake. Fikiria gunia la mahindi. Likijaa nusu linalala, likishindiliwa linasimama wima. Ukikaa, kijazio kinasukuma pembeni, ngozi inavutika, nayo inarudisha nguvu. Ngozi iliyolegea haina cha kurudisha. Kwa hiyo jaza mpaka uone umezidisha, kalia wiki moja, kisha fungua zipu uongeze tena.

Katikati weka kitu kizito kisichobonyea ovyo: nguo kuukuu, jinzi, masweta, mashuka, zikiviringishwa kwa nguvu. Anza na kingo za chini, maana zikibaki na nafasi hutazifikia tena. Sufi, au vipande vya sponji, vikae juu na pembeni, pale mwili unapogusa. Pumba za mpunga ni rahisi kupata, lakini zinavuta panya, mimi nisingeziweka.

Kwa huku kwetu, kosa linalogharimu zaidi ni unyevu. Pamba huvuta unyevu kutoka hewani hata bila kumwagiwa maji. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki ya Uluguru, unapoa na kuacha mvua, kwa hiyo aliye Kinole au Matombo ana kazi kubwa kuliko aliye mjini. Nguo iliyokauka nusu ukiifungia ndani ya ngozi wakati wa masika, umeufugia ukungu nyumba. Ukungu unaharibu ngozi, na vumbi lake linaweza kumwamshia pumu mtoto anayelalia pufu hilo akitazama katuni. Anika nguo juani mpaka zikauke kabisa, ziache zipoe, ndipo ujaze. Zenye poliesta nyingi ni salama zaidi kuliko pamba tupu.

Sufi itie kwanza kwenye mfuko wa kitambaa. Hapo unaweza kuitoa kila kiangazi, ukaianika na kuipigapiga ifumuke, bila kuianika ngozi yenyewe, kwani jua kali huikausha ikapasuka.

Ukijaza, fanyia nje siku isiyo na upepo na uvae barakoa. Sufi inapaa na kuwasha koo. Pia inashika moto haraka sana, basi pufu likae mbali na jiko la mkaa, hata kama umeme umekatika na wote mmehamia sebuleni.