Kalamu Mkononi mwa Nani: Utangulizi wa Tiba kwa Sanaa

Kabla hujafungua boksi la rangi, nakuomba uwakumbuke waliokutangulia kufika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, wakiwa na karatasi na kalamu.

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu waliokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda. Kambi ya Benaco ikazaliwa, na wakimbizi wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Waliofika waliandikwa, kwa kuwa mgao wa chakula ulifuata orodha. Desemba 1996 wengi wao wakarudishwa kwao. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ikapita Kagera ikiuliza nani ana kibali cha kuishi nchini na nani hana, na familia zenye ndugu pande zote mbili za mpaka zikajikuta zimetenganishwa. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ukatangazwa Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, watu 10 walikuwa wamefariki, 2 wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na 8 wakihesabiwa kuwa huenda waliugua. Hapo tena zilihitajika orodha, safari hii za waliokuwa karibu na wagonjwa. Baadhi ya orodha hizo ziliokoa maisha, na sizilaumu. Ila kwa miaka 30 kalamu imekaa mkononi mwa anayeuliza.

Tiba kwa sanaa humkabidhi kalamu anayeulizwa.

Kwa ufupi, ni kazi ya kumsaidia mwenye mzigo moyoni kwa kuchora, kufinyanga, kusuka au kupaka rangi, akiwa na mtu aliyefunzwa kukaa naye bila kumharakisha. Ukimjulia hali mama aliyefiwa atakujibu "nzuri", maana adabu ndivyo inavyotaka. Ukikaa zaidi atasema "nina mawazo". Ndani ya neno hilo moja mna usingizi uliopotea, kifua kinachobana, hasira, na aibu ya kuwa hai wakati wengine wamekufa. Tena huenda majonzi yake yanakuja kwa Kihangaza au Kisubi, huku wewe ukimhoji kwa Kiswahili cha ofisini. Jambo la kutisha mara nyingi hubaki kichwani vipande vipande: harufu, sauti, mlango uliofunguliwa ghafla. Vipande hivyo havikai katika sentensi. Juu ya karatasi, au ndani ya donge la udongo, vinaweza kupata mahali pa kukaa, na aliyevibeba akavitazama kwa umbali wa mkono mmoja. Kuna pia kuchagua. Mtu ambaye maisha yake yaliamuliwa na wengine anachagua leo nyekundu au nyeusi, anachagua kuendelea au kuacha. Usilidharau jambo hilo dogo.

Wengi huanza historia ya fani kwa Adrian Hill, mchoraji Mwingereza aliyeugua kifua kikuu na ambaye mwaka 1942 aliipa kazi hii jina. Mimi napenda kuanza na Friedl Dicker-Brandeis. Mwalimu huyu wa sanaa alikuwa Prague miaka ya 1930, akiwafundisha kuchora watoto wa wakimbizi, na mwanafunzi wake Edith Kramer alikuwa naye. Baadaye Wanazi walimpeleka kambi ya Theresienstadt. Humo akaendelea kuwafundisha watoto kwa siri, kwa karatasi za kuokoteza. Aliuawa Auschwitz Oktoba 1944, lakini michoro yapata 4,500 ilibaki ndani ya masanduku mawili. Kramer alikuwa amekimbilia Marekani, na huko akawa mmoja wa waasisi wa taaluma yetu. Kwa hiyo anayekuambia kwamba tiba kwa sanaa ni anasa ya miji tajiri hajui ilikozaliwa. Ilizaliwa miongoni mwa wakimbizi, na Ngara si ugenini kwake.

Friedl aliwahimiza watoto waandike majina yao kwenye michoro. Palipokuwa na namba, yeye alitaka jina. Kila nikiwaza hilo moyo wangu huguswa, lakini sikushauri uliige bila kufikiri. Kwenye kijiji ambako jina katika orodha limewahi kumaanisha kuondolewa, kuacha jina kunaweza kuwa ndiyo usalama. Muulize mchoraji. Akitaka kuandika jina la utani, au kuchora alama ya jani, sawa.

Wasomi wenyewe hawakukubaliana. Margaret Naumburg aliona picha kama lugha ya yaliyofichika moyoni, ambayo mchoraji husaidiwa kuizungumzia. Kramer aliona kutengeneza kwenyewe ndiko kunakoponya. Hapa mimi niko na Kramer zaidi, kwa sababu moja: watu wa mpakani wameshahojiwa vya kutosha. Mtoto akichora nyumba isiyo na mlango, usikimbilie kuandika kwamba ameteswa. Huenda karatasi ilimwishia. Huenda mlango uko upande wa pili. Mchoro haufanani na picha ya eksirei, na mwenye kuueleza ni yule aliyeuchora, akitaka.

Usidhani pia kwamba unaleta sanaa mahali pasipo nayo. Ng'ambo ya Mto Kagera, mwendo mfupi kutoka Rusumo, kuna Nyakarambi, ambako kikundi cha Kakira kiliifufua sanaa ya imigongo baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda: samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, ikapangwa kwa matuta yenye pembe kali, kisha ikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Upande wetu kuna mikeka, vikapu, vyungu na ngoma, na watoto hujitengenezea mipira kwa majani makavu ya migomba. Mzee atakayekataa kalamu za rangi akisema ni mambo ya watoto anaweza kukubali kusuka. Bibi atakayesema hajui kuchora amefinyanga vyungu maisha yake yote. Anzia hapo, kwa mkaa na udongo mwekundu wa njiani, ili siku mradi ukiisha kazi isife kwa kukosa rangi za dukani.

Mipaka ipo. Anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru anahitaji hospitali leo hii, na anayelala njaa anahitaji chakula kabla ya brashi. Marburg nayo ilidai mengine: maradhi ya aina hiyo huzuia kuosha maiti na kushikana mikono, kwa hiyo wafiwa hubaki na msiba usiofanyiwa taratibu zake. Kwa hao kikundi cha kusuka pamoja kinaweza kuwa matanga yaliyocheleweshwa, na sioni haya kukiita hivyo.

Kikao kikimalizika kutabaki michoro juu ya mkeka. Wafadhili wataomba picha zake kwa ajili ya ripoti. Mgeukie kwanza aliyechora umuulize iende wapi: nyumbani, kabatini, au jikoni kuwashia moto.