Bloa Imepungua Nguvu? Usikimbilie Skrubu ya Kabureta

Kwa sisi wa mikorosho huku Kusini, maua yakishaanza kutoka hakuna muda wa kupoteza. Anayetumia salfa ya unga anatakiwa arudi kwenye mti kila baada ya siku 14 hivi, tena alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Bloa ikigoma wiki moja tu katikati ya msimu, ubwiriunga haukusubiri. Maua yanakauka, na ua lililokauka halileti korosho.

Kila msimu naitwa kuangalia mashine zilizonoki, na nyingi hazikufa kwa uzee. Zimeuawa na bisibisi.

Msimu uliopita bloa ya mkulima mmoja kwenye kata yangu ilianza kuwa nzito na kutoa moshi mwingi. Fundi wa bodaboda akakaza skrubu ya mafuta kidogo kidogo mpaka ikachangamka. Ikapiga kazi siku tatu vizuri tu. Siku ya nne kijana wa shambani akaosha chujio la hewa lililokuwa limejaa salfa. Alfanya jambo sahihi, lakini kabla hawajamaliza mstari wa pili injini ikanoki. Pistoni ilichubuka, silinda nayo ikachanika mistari. Hadi anapata mashine ya kukodi, maua ya kwanza yalishakwenda.

Nini kilitokea?

Bodaboda nyingi zina injini ya mipigo minne. Oili yake inakaa chini, peke yake, na petroli inakwenda peke yake. Bloa ni ya mipigo miwili, ndiyo hiyo mafundi wanaita tu-stroki. Humo ndani hakuna oili nyingine: ile uliyochanganya kwenye petroli ndiyo inayolainisha pistoni, ringi na beringi. Kwa hiyo ukipunguza petroli kwenye kabureta, umepunguza na oili. Wakati huohuo moto ndani unazidi kuwa mkali.

Chujio likiziba, hewa inapungua na petroli inaonekana kuzidi. Injini inalemewa na kutoa moshi. Fundi akikaza skrubu ili kufidia, inachangamka kweli. Ila siku utakaposafisha chujio, hewa inarudi yote na petroli iko pungufu. Hapo ndo inanoki.

Somo la leo ni hili: skrubu ni hatua ya mwisho, siyo ya kwanza.

Kagua haya kabla hujashika bisibisi

1. *Mchanganyiko wa oili.* Fuata kitabu cha mashine yako na maelezo ya chupa ya oili. Kama kinasema 1:25, weka mililita 40 za oili ya 2T kwa kila lita 1 ya petroli, yaani mililita 200 kwa lita 5. Kama ni 1:50, ni mililita 20 kwa lita, au 100 kwa lita 5. Pima kwa chupa yenye alama. Kizibo cha soda siyo kipimo. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine kwenye tangi.

2. *Petroli yenyewe.* Mchanganyiko uliobaki tangu msimu uliopita usiutumie. Petroli ikikaa inaacha utando kama gundi kwenye jeti za kabureta.

3. *Chujio la hewa.* Salfa ni unga laini sana, chujio linajaa haraka. Wakati wa kazi likague kila siku. La sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likamue, likauke kabisa ndipo ulirudishe. Usiendeshe bila chujio hata dakika moja.

4. *Plagi.* Ifungue baada ya kufanya kazi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi na mbichi: petroli au oili imezidi, au chujio limeziba. Nyeupe: injini inaungua kwa kukosa petroli, simamisha kazi.

5. *Ekzosti.* Tu-stroki inajenga masizi kwenye tundu la kutolea moshi, na tundu likisinyaa nguvu inashuka. Fungua ekzosti, vuta kamba taratibu mpaka pistoni ifunike tundu, halafu kwangua kwa kijiti cha mti, siyo msumari. Hakikisha masizi hayaingii ndani.

Mashine nyingi ninazoletewa zinapona hapa hapa, bila kugusa skrubu.

Kama bado, sasa rekebisha

Toa salfa yote kwenye tangi lake kwanza. Unga wa salfa unashika moto, na moshi wake unachoma mapafu. Kisha funga bomba lote la hewa kama unavyolitumia kazini. Bomba likiwa limefunguliwa au limeziba, uzito wa feni unabadilika na utarekebisha kwa mlio wa uongo. Washa, acha ipate moto dakika tano.

*Kabureta yenye skrubu za L na H:* Kulia inapunguza petroli, kushoto inaongeza. Anza na kipimo cha kitabu. L ni ya mwendo wa chini: igeuze mpaka injini itulie, na ukipiga resi ghafla iitike bila kukohoa wala kutaka kuzima. H ni ya resi kubwa: piga resi hadi mwisho, geuza kulia polepole mpaka mlio ufike juu kabisa, halafu rudisha kushoto kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko, mpaka mlio ushuke kidogo. Acha hapo. Usiiache kwenye ule mlio mkali wa juu, ingawa masikio yataupenda.

*Kabureta yenye bakuli na sindano:* Hizi ziko nyingi kwenye bloa za bei nafuu. Petroli ya mwendo wa kati inategemea klipu ya sindano. Ukishusha klipu tundu moja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ukiipandisha, petroli inapungua. Badilisha tundu moja tu, jaribu, angalia plagi.

Kama mlio unapanda na kushuka wenyewe hata urekebishe vipi, kuna mahali hewa inaingia: gasketi ya kabureta au sili za kranki. Hapo mpelekee fundi anayezijua tu-stroki.

Kijana mmoja aliniuliza kuhusu vali ya nguvu aliyoiona kwenye video za pikipiki za mashindano ya vumbi. Ni kweli, baadhi ya pikipiki za tu-stroki zina vali kwenye tundu la ekzosti. Inabadilisha kimo cha tundu ili injini ivute vizuri kwenye mwendo mdogo na mkubwa. Bloa haiihitaji, maana inafanya kazi karibu muda wote kwa resi moja. Usimruhusu mtu achonge tundu la ekzosti akidai anaongeza nguvu.

Na mwisho wa msimu, mwaga petroli yote, washa mashine izime yenyewe, safisha salfa kila kona, hifadhi pakavu. Usiingoje hadi maua yatoke. Itoe mapema, iwashe, isikilize. Ukikwama, mfuate afisa ugani wa kata yako bisibisi ikiwa bado mfukoni.

Kazi njema shambani.