Bima imekuzungusha? Anza kuhesabu siku 90

KULIPIA bima ni dakika tano tu. Unatuma hela kwa simu, cheti kinaingia kwenye baruapepe, unarudi barabarani. Kulipwa na bima ndiyo hadithi nyingine. "Piga Jumatatu." "Faili iko kwa mkubwa." "Anayeshughulikia hiyo yuko likizo." Ukija kushtuka, miezi sita imeyeyuka, boda yako bado iko gereji na mwenye gereji sasa anakudai pesa za kukuwekea.

Wengi wetu tukifika hapo tunachoka. Tunasema bima ni wezi, tunamwaga hasira mtandaoni, yanaisha. Lakini hebu nikuulize: unajua kuna ofisi ya serikali ambayo kazi yake ni kuzibana kampuni hizi? Na unajua kampuni yako imepewa siku ngapi kukulipa?

Ni siku 90. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaitaka kampuni ilipe dai ndani ya siku 90 tangu liliporipotiwa. Soma tena hapo mwisho: tangu liliporipotiwa. Saa haianzi kuhesabu siku uliyogongwa, wala siku uliyomlalamikia ajenti kwenye simu. Kama huna karatasi au baruapepe inayoonyesha tarehe uliyoripoti, kampuni inaweza kukuambia ulikuja jana.

Ofisi yenyewe

Inaitwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, wengi wanaijua kama IRA. Iko Upper Hill, Nairobi, katika jengo la Zep-Re Place. Ilianza kazi mwaka wa 2007, baada ya sheria kurekebishwa mwaka wa 2006. Kabla ya hapo, kazi hiyo ilifanywa na idara moja ndani ya Wizara ya Fedha. Anayeiongoza huitwa Kamishna wa Bima.

Meno ya IRA ni leseni. Kila kampuni ya bima, kila dalali wa bima na kila ajenti lazima awe na leseni, na leseni hiyo huisha Desemba 31. Mwaka mpya, leseni mpya. Kwa hivyo kampuni yenye rundo la malalamishi ina sababu ya kuogopa barua kutoka Upper Hill. Mamlaka inaweza kuidai majibu, kuiadhibu, kuizuia isichukue wateja wapya, na mambo yakiharibika kabisa, kuwaondoa wakurugenzi na kuikabidhi kampuni kwa msimamizi.

Lakini mamlaka haikai mlangoni mwa kila kampuni kuona nani amezungushwa. Usipoandika, kwao wewe hujazungushwa.

Dhuluma ni ipi, na ipi si dhuluma?

Hapa tuambiane ukweli. Si kila "hapana" ya kampuni ni wizi.

Bima ile ya bei nafuu, ambayo vijana wengi wa boda huchukua kwa sababu sheria inailazimisha, inamlinda mtu wa tatu. Maana yake, ukimgonga mtu, yeye ndiye analipwa. Pikipiki yako ikipondwa au ikiibwa, hiyo bima haikujui. Ukienda IRA kulalamika kwamba hukulipwa pikipiki, utarudishwa nyumbani kwa heshima. Ulinunua mwavuli, usiudai buti.

Dhuluma ni kama hizi:

• Kampuni inanyamaza. Haisemi ndiyo, haisemi la, siku zinapita.

• Inakataa dai lako lakini haitaki kukuandikia sababu.

• Inakusukuma utie saini karatasi ya kupokea kiasi kidogo na kufunga dai, ukiwa na njaa ya pesa, kabla hujaelezwa hesabu ilifanywaje.

• Ajenti alikuahidi jambo ambalo halimo kwenye mkataba, sasa kampuni inasema haimjui.

• Umeuziwa cheti feki. Hii ni jinai, peleka pia kwa polisi.

Kuhusu ajenti, kuna mtego mmoja. Sheria inasema kampuni isibebe hatari yoyote kabla ya kupokea ada au kuhakikishiwa italipwa. Kwa Kiswahili cha mtaani: hakuna bima ya mkopo. Kwa hivyo usimtumie ajenti pesa kwa namba yake binafsi ukitumaini "atakusaidia kuwasilisha". Lipa moja kwa moja kwa kampuni, uhifadhi ujumbe wa malipo. Na kabla ya kulipa, angalia kama jina la kampuni na la ajenti yamo kwenye orodha ya waliopewa leseni mwaka huu. IRA huichapisha, na kuisoma ni bure.

Namna ya kulalamika ukasikizwa

Kwanza, andikia kampuni yenyewe. Baruapepe inatosha. Taja namba ya bima, tarehe ya tukio, tarehe uliyoripoti na kiasi unachodai. Omba jibu kwa maandishi. Ukipigiwa simu, baada ya kukata andika baruapepe: "Leo mmeniambia hivi na hivi." Inaonekana kama kazi ya karani, lakini hiyo ndiyo itakubeba.

Pili, wasipojibu au wakijibu upuzi, andikia IRA. Ambatisha mkataba wa bima, risiti, ripoti ya polisi kama ni ajali, na mlolongo wote wa barua. Huhitaji wakili. IRA itaipelekea kampuni lalamishi lako na kuitaka ijieleze. Mara nyingi hapo ndipo faili iliyokuwa "kwa mkubwa" hupatikana ghafla.

Tatu, jua mipaka. IRA si mahakama. Kama mnabishana nani alisababisha ajali, au kesi tayari iko kortini, haitakuamulia. Kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Na kama tatizo lako ni SHA, hapo umebisha mlango usio wake: SHA ina sheria yake ya mwaka wa 2023, na malalamishi yake yana njia yake.

Kampuni ikizama je?

Hapa ndipo mlinzi wa serikali anastahili kuulizwa maswali. United Insurance iliyumba mwaka wa 2005, Blue Shield ikafuata 2011, Resolution 2022, na Invesco ikaingia mikononi mwa mfilisi mwaka wa 2024. Baadhi yazo zilikuwa zimebeba matatu nyingi. Abiria aliyevunjika mguu hakuwa amechagua kampuni hiyo. Yeye alipanda gari tu.

Kuna hazina ya kuwafidia wateja wa kampuni zilizofilisika, inaitwa PCF. Na unaichangia, hata kama hujui. Toa ile karatasi ya hesabu ya bima yako. Ukilipa ada ya Sh40,000, utaona Sh80 za mafunzo, Sh40 za stempu na Sh100 za hazina hiyo, yaani asilimia 0.25. Kampuni nayo inaongeza asilimia kama hiyo.

Tatizo ni kiwango. Hazina hulipa hadi Sh250,000 kwa dai. Lakini sheria ya bima ya mtu wa tatu inatambua fidia ya hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Pengo hilo nani analijaza? Mara nyingi ni mwenye gari, ambaye alilipa bima yake vizuri kabisa na sasa madalali wa mnada wanamgongea lango. Au ni majeruhi, anayebaki na hukumu ya korti isiyonunua hata magongo.

Ndiyo maana nasema malalamishi yako si ya kujisaidia peke yako. Kampuni haianguki kwa usiku mmoja. Inaanza kwa kuchelewesha mmoja, halafu kumi, halafu mia. Wote mia wakinyamaza, mlinzi ataamka nyumba ikiwa imeshateketea. Kumi wa kwanza wakiandika, angalau hatakuwa na kisingizio kwamba hakuambiwa.

Kwa hivyo leo, kabla hujalala, fungua hicho cheti chako. Soma kinakulinda dhidi ya nini. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya IRA. Na kama tayari una dai linalozungushwa, tuma baruapepe usiku huu huu, ili siku zako 90 ziwe na tarehe ya kuanzia.