Je, Wajua? Kijiko cha chuma huweza kumkatisha mgonjwa hamu ya kula

Tibakemikali huwinda seli zinazogawanyika upesi. Za saratani ndizo zinazolengwa, lakini seli za ladha ulimini, zinazojitengeneza upya kila baada ya siku 10 hivi, nazo huumia. Ndiyo maana nyama ya ng'ombe humwachia mgonjwa ladha ya chuma mdomoni. Mpe kijiko cha mbao au plastiki. Chakula kilichopoa hakinukii sana, hivyo mtindi wa baridi huenda ukapita pale pilau iliposhindwa. Sahani iliyojaa humtisha. Afadhali kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, mathalani uji wa ulezi wenye maziwa na karanga za kusaga. Kumlazimisha? Hapana, mtagombana bure. Akianza kukonda, daktari aambiwe mapema.