“Were” ya Mambo Yasiyokuwapo

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu sentensi hii aigeuze kwa Kiingereza: “Ningekuwa na hela, ningenunua baiskeli.” Usishangae akiandika “If I would have money, I would buy a bicycle.” Mwalimu atapiga mstari mwekundu chini ya “would” ya kwanza, kisha ataendelea na daftari linalofuata. Ila kosa hilo lina mantiki yake: mtoto ameona -nge- mbili, akatafuta “would” mbili.

Kiingereza huiweka “would” kwenye matokeo tu. Upande wa sharti, kitenzi hurudishwa wakati uliopita, “If I had money”, ingawa hela inayotajwa ni ya leo. Wakati uliopita hapo hauna habari na jana. Unaliweka jambo mbali na ukweli.

Ndiyo maana tunasema “If I were you”, mtu mmoja akapewa kitenzi tulichozoea kukiona kwenye wingi. Ni mabaki ya Kiingereza cha kale, ambacho vitenzi vyake vilikuwa na maumbo ya pekee kwa mambo ya kudhania na kutamani. Maumbo hayo yalimomonyoka karne hadi karne yakafanana na ya kawaida. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliona hali hii ya kudhania inakufa, lakini “were” ya kudhania aliihesabu miongoni mwa vilivyo hai. Hakukosea. Mwaka 2008 Beyoncé alitoa wimbo “If I Were a Boy”, na si wimbo wa watu wa kamusi.

Utamu zaidi uko kwenye kulinganisha. Mlinzi wa geti anakufokea kwa nini umeegesha gari pale. Ukisema “He talks as if he were the owner”, umeshamweka mahali pake: nyumba si yake, na wewe unajua. Ukisema “as if he is the owner”, umeacha mlango wazi. Pengine kweli ni mwenye nyumba, ametoka tu kumwagilia maua.

Waingereza wengi husema “if I was” mitaani bila aibu, na mimi siwezi kumkamata mtu kwa hilo, ingawa kwenye barua ya kazi au mtihani “were” ni salama zaidi. Kinachonikera ni kinyume chake: aliyechapwa sana kwa ajili ya “was” anapachika “were” kila penye “if”. Anaandika “If he were at the meeting yesterday, he heard the news.” Hapo hakuna cha kudhania. Mkutano ulifanyika, huenda jamaa alikuwepo, sisi tu ndio hatuna uhakika. Hiyo ni “was”, tena bila wasiwasi. Vivyo hivyo “She asked if I was ready”: aliuliza swali la kawaida, hakuna ndoto yoyote ndani yake.