Mashine Ikipokea Simu, Ianze na Swali Gani?

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa maabara, na wote walifariki. Kagera ilikuwa imeshapigwa na ugonjwa huohuo mwaka 2023, upande wa Bukoba. Nyakati kama hizo mwananchi huambiwa apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Simu zikizidi wapokeaji, mashine ya kuuliza maswali ya mwanzo inaweza kusaidia sana. Naiunga mkono, ila maswali yake yafuate anachokijua mpigaji, yasifuate mpangilio wa fomu ya ofisini.

Fomu huanza na jina, umri, jinsia, kata. Kwa karani ni sawa. Kwa mtu aliyesimama nje ya nyumba yenye mgonjwa anayetapika, kila swali la namna hiyo ni sababu ya kukata simu, na ikikatika hapo ofisi hubaki na jina lisilo na ugonjwa. Swali la kwanza liwe: kuna mgonjwa, au kuna aliyefariki? La pili: yuko wapi? Kisha zije dalili, na hapa ndipo penye kazi. Marburg huanza kwa homa kali, maumivu ya kichwa na ya misuli, halafu kuharisha na kutapika. Damu, ikitoka, huja baadaye. Siku za mwanzo haina tofauti na malaria, ambayo Kanda ya Ziwa inaijua kila msimu. Mashine ikiuliza kuhusu homa peke yake, itazoa wilaya nzima. Swali linalochuja ni hili: je, ndani ya wiki tatu zilizopita mgonjwa alimuuguza au alimzika mtu aliyekuwa na hali kama hiyo? Virusi vya Marburg hukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili kujitokeza, lakini sikio hushika "wiki tatu" upesi kuliko "siku ishirini na moja".

Wengine watasema watu wamezoea kubonyeza namba tangu M-Pesa ilipoingia mwaka 2008. Ni kweli, lakini menyu ya M-Pesa inasomwa kwa macho. Ya sauti ikishapita imepita. Mwenye kitochi huondoa simu sikioni ili abonyeze, na sekunde hizo hasikii chochote. Kwa hiyo jambo litajwe kwanza, namba baadaye: "Kama kuna aliyefariki, bonyeza moja." Kisha mashine inyamaze kidogo. Machaguo yasizidi matatu. Mahali pasitafutwe kwa orodha ya kata: dereva wa lori la Rusumo aliyesimama baada ya Nyakanazi hajui yuko kata gani, ila anaweza kusema amepita wapi. Aachiwe aseme kwa mdomo wake, sauti irekodiwe.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee wa Ngara wanaozungumza Kihangaza kwa raha kuliko Kiswahili, na wasiopenda kubishana na mashine. Wana haki. Asiyebonyeza kitu asikatiwe wala asirudishiwe swali mara tatu. Kimya chake kimpeleke moja kwa moja kwa mpokeaji. Mashine iliyowekwa ili kupunguza wahudumu itashindwa papo hapo. Kazi yake ni kuwapa wahudumu nafasi ya kuwasikiliza wazee hawa.

Wataalamu nao watauliza: bila jina, mgonjwa atafuatiliwaje? Namba ya mpigaji inaonekana, na inatosha kumpigia tena. Jina liulizwe mwisho, kwa hiari, baada ya kumweleza litatumika kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na mtu anayehofia nyumba yake kunyooshewa kidole hatapiga kabisa akijua ataanza kwa kujitaja.

Kabla ya kurekodi, maswali hayo yasomwe kwa simu, si kwa karatasi, kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Kabanga, Rulenge na Lusahunga. Popote watakapojibu "unasemaje?", swali hilo liandikwe upya.